XAMPP ikigoma kuwaka usiifute, soma kwanza nani analalamika

XAMPP ni ile programu inayokuwekea seva ya wavuti, PHP na databesi kwenye laptopu yako kwa mkupuo mmoja, na hakuna kitu kinanichosha kama mtu kuniambia "kaka nimeifuta XAMPP nimeinstoli upya bado inagoma". Sasa umefuta nini wakati tatizo liko kwenye servisi nyingine kabisa ambayo hata hujaigusa? Alafu ukifuta kichwa kichwa unaondoka na folda ya data, yaani databesi zako zote, ile ya projekti ya chuo na ile ya mteja mwenye duka uliyekuwa unamjaribia stoo yake humo humo. Bando limeisha kwa kudanlodi upya, data imeenda, na erori iko pale pale inakuangalia.

Leo naongelea mafaili ya mipangilio ya databesi kwenye seva ya kwenye laptopu yako mwenyewe. Sana sana XAMPP kwenye Windows maana ndo wengi tunaanzia hapo, Linux nitaigusa mbele.

Kitu cha kwanza kuelewa, na ukikielewa hiki nusu ya kazi imeisha, ni kwamba kuna wasomaji watatu na kila mmoja ana faili lake na hajui mwenzake ameandikiwa nini. Kuna seva yenyewe ya databesi, ile iliyoandikwa MySQL kwenye paneli, hiyo inasoma my.ini iliyoko C:\xampp\mysql\bin. Kuna phpMyAdmin, ambayo watu wengi wanadhani ndo databesi yenyewe, hapana, ile ni saiti tu ya PHP kama saiti yako wewe, inabisha hodi kwenye seva kama mteja mwingine yeyote, na yenyewe inasoma config.inc.php iliyoko C:\xampp\phpMyAdmin. Alafu kuna programu yako, ambayo kama ni WordPress inasoma wp-config.php na kama ni Laravel inasoma .env. Ukibadilisha paswadi ya root, yaani mtumiaji mkuu wa seva, ndani ya phpMyAdmin, seva imeshajua paswadi mpya lakini config.inc.php bado imeandikwa paswadi tupu na .env yako pia imeandikwa tupu, kwa hiyo ukirifreshi tu phpMyAdmin inakufungia nje na wewe unaanza kusema nimehakiwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujagusa chochote: nani analalamika? Seva imekataa kuwaka, au seva imewaka ila phpMyAdmin haiingii, au phpMyAdmin inaingia vizuri ila saiti yako ndo haiingii? Kama phpMyAdmin inafunguka na unaona majedwali yako, basi my.ini achana nayo, haina kosa lolote, nenda kwenye faili la programu yako ukaangalie. Inaonekana ni kitu rahisi mno lakini nawaambia ukweli watu wanabadilisha mafaili yote matatu kwa pamoja, alafu baadae hata wakipata jibu hawajui lipi lilikuwa jibu, na mawili waliyoyavuruga wameyaacha hivyo hivyo.

Namba za erori zenyewe zinakwambia umefika wapi. 2002 maana yake hata mlangoni hujafika, seva haijawaka au unabisha poti sio (poti ni namba ya mlango ambao seva inasikilizia), kwenye Windows utaona maneno "actively refused it". 1045 maana yake umefika, seva imekusikia, ila imekataa jina au paswadi. 1049 maana yake umeingia kabisa, ila databesi uliyoitaja haipo. Kwa hiyo mtu akitoka 2002 akaja 1045 asikate tamaa eti erori zinaongezeka, hapana, amesogea.

Na hiyo 1045 ina utamu wake. Mwishoni mwa ule ujumbe wa "Access denied for user 'root'@'localhost'" kuna maneno using password, alafu NO au YES. Watu hawayasomi kabisa yale na ndo yana jibu lote. NO maana yake programu yako haikutuma paswadi yoyote, kwa hiyo usihangaike kubadilisha paswadi ya seva, hangaika na kwanini faili lako halisomwi. YES maana yake imetuma ila sio yenyewe. Juzi kati kijana mmoja aliniandikia:

"Kaka shikamoo. Laravel inaniambia access denied na paswadi nimeandika vizuri kabisa kwenye .env"

"Marahaba. Mwisho wa erori imeandika YES au NO?"

"NO"

"Basi hiyo .env yako haijasomwa, piga php artisan config:clear"

Ikakubali. Alikuwa amewahi kupiga config:cache akifuata maelekezo ya mtandaoni ya kuharakisha saiti, na ukishapiga hiyo Laravel inatengeneza faili lake bootstrap/cache/config.php na kuanzia hapo .env haiangalii tena hata uandike nini. Hapo unaweza kubadilisha paswadi mpaka kesho.

Kuna nyingine ya Laravel inawakamata sana wanaoanza sasa hivi. Kuanzia Laravel 11 ya mwaka 2024, projekti mpya inakuja na DB_CONNECTION=sqlite, na zile laini za DB_HOST, DB_PORT, DB_DATABASE, DB_USERNAME na DB_PASSWORD zimewekewa alama ya reli (#) mbele. Mafunzo mengi ya YouTube ni ya matoleo ya nyuma, kwa hiyo mtu anafuata, anajaza jina la databesi, anajaza paswadi, anasahau kubadilisha sqlite iwe mysql na kutoa zile reli, na laini yenye reli mbele ni maelezo tu, haisomwi. Kidogo akashangaa majedwali yametengenezwa, migration (ile amri ya Laravel ya kutengeneza majedwali) imepita bila shida, ila kwenye phpMyAdmin hamna kitu. Yako kwenye faili la database.sqlite ndani ya folda ya database! Na hapo hapo kwenye reli, kama paswadi yako ina # ndani yake iweke kwenye alama za nukuu, DB_PASSWORD="siri#2024", la sivyo kinachosomwa kinaishia kabla ya reli na unapata YES ya kukataliwa huku macho yako yanaona paswadi sahihi.

Haya turudi kwa seva yenyewe kukataa kuwaka, maana ndo inayoliza watu. Ukibonyeza Start kwenye paneli ya XAMPP, MySQL inawaka kijani sekunde mbili alafu inazima na maandishi mekundu "MySQL shutdown unexpectedly", alafu inakutajia sababu kibao, poti imezibwa, vitu vimekosekana, ruhusa, imekrashi. Hiyo sio jibu, hapo paneli inabahatisha tu. Jibu liko kwenye logi. Pembeni ya MySQL kuna batani ya Logs, bonyeza, fungua mysql_error.log, shuka mpaka chini kabisa maana ya juu ni ya siku zilizopita, alafu panda taratibu ukitafuta neno ERROR la kwanza tangu ulipobonyeza Start. La kwanza, sio la mwisho. Zinazofuata mara nyingi ni matokeo ya ile ya kwanza, na la mwisho kabisa ni "Aborting" ambalo halikusaidii kitu.

Ukikuta inalalamika kuhusu poti, basi kuna mwingine amekaa kwenye 3306. Poti ni kama siti ya mbele ya daladala, akishakaa mtu amekaa, hata ukiwa na nauli mkononi. Mara nyingi aliyekaa ni MySQL nyingine uliyoiweka mwenyewe ulipokuwa unadanlodi Workbench kwa ajili ya somo la databesi, ile inakuja na servisi inaitwa MySQL80 ambayo inajiwasha yenyewe kila ukiwasha kompyuta. Fungua cmd uandike

netstat -ano | findstr :3306

namba ya mwisho kulia ni namba ya programu iliyokalia poti, ichukue ukaitafute kwenye Task Manager upande wa Details. Angalizo dogo, hiyo amri itakuletea na 33060 kama ipo, hiyo ni poti nyingine ya MySQL 8 sio inayokugombanisha, usichanganye.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuzima hiyo servisi, unaandika services.msc, unaitafuta MySQL80, unaistopisha na kuiweka Manual. Mimi ndo naipenda hii, mashine ya kujifunzia haihitaji seva mbili zinagombania kitu kimoja. Ya pili ni kuhamisha XAMPP iende 3307, na hapa ndo watu wanapotea, kwa sababu wanaenda kwenye ile batani ya Config ya paneli juu kulia, Service and Port Settings, wanabadilisha pale alafu wanadhani imeisha. Pale unaiambia paneli tu iangalie poti gani, seva haisomi pale. Seva inasoma my.ini, na ndani ya my.ini neno port lipo sehemu mbili, chini ya [client] na chini ya [mysqld]. Ya [mysqld] ndo ya seva kusikiliza, ya [client] ni ya vile vifaa vya kwenye cmd kujua pa kubisha. Badilisha zote. Alafu hujamaliza! Wale wasomaji wengine wawili nao hawajui kama umehama. config.inc.php uiongezee

$cfg['Servers'][$i]['port'] = '3307';

.env uweke DB_PORT=3307, na WordPress ambayo haina sehemu ya poti unaiunganisha kwenye host, yaani DB_HOST inakuwa '127.0.0.1:3307'.

Kama logi inasema "unknown variable" basi hongera, hiyo ndo rahisi kuliko zote, inakutajia mpaka neno lenyewe. Kinachotokea ni kwamba mtu amekopi laini ya MySQL akaipesti kwenye XAMPP, na XAMPP haina MySQL. Ndiyo, paneli imeandikwa MySQL lakini tangu 2015 kilichomo ndani ni MariaDB, ile aliyoianzisha Monty Widenius mwaka 2009 kwa kuchukua msimbo (code) wa MySQL na kwenda nao njia yake wakati Oracle inainunua Sun. Andika SELECT VERSION(), utaiona. Ndugu hawa wawili wanafanana lakini kila mwaka wanazidi kuachana. Mfano ile laini ya default_authentication_plugin=mysql_native_password, ambayo kwenye MySQL 8 iliwasaidia wengi, kwenye my.ini ya XAMPP haikusaidii kitu. Kinyume chake query_cache_size kwenye MariaDB haina shida ila MySQL 8 imeshaondoa kitu hicho, ukiiweka inagoma. Kwa hiyo kabla hujapesti laini ya mtu uliza kwanza hii ni ya nani na ya toleo gani.

"Found option without preceding group" nayo usihangaike kuitafuta maana. Aidha umeandika kitu juu kabisa kabla ya kichwa chochote cha mabano ya mraba, au umesevu faili kwa Notepad ya zamani ambayo inaweka alama isiyoonekana (inaitwa BOM) mwanzo wa faili ukichagua UTF-8. Macho yako yanaona [client] ipo pale mwanzo, seva inaona kuna kitu mbele yake. Ifungue kwa Notepad++ usevu kama UTF-8 bila BOM, au ANSI, basi. Na ukiwa humo angalia kama faili halijawa my.ini.txt, Windows inaficha viambishi vya mafaili na hii imeshawapotezea watu mchana mzima.

Jingine dogo la my.ini: njia za folda andika kwa sleshi ya mbele, C:/xampp/mysql/data. Ukiandika kwa sleshi ya nyuma kama D:\temp, ile \t inasomwa kama tabu, na \b na \n nazo zina maana zao, seva inaenda kutafuta folda ambayo haijawahi kuwepo duniani.

Sasa ile ya kuingiza databesi kubwa, "MySQL server has gone away", 2006. Wanakwambia ongeza max_allowed_packet, sawa, ni kweli, ila kwenye my.ini ya XAMPP hilo neno linatokea zaidi ya mara moja, lipo chini ya [mysqld] na lipo tena chini ya [mysqldump], kile kifaa cha kutolea nakala ya databesi, na watu wanatafuta kwa Ctrl+F wanabadilisha ya [mysqldump] maana ndo kubwa kubwa inaonekana. Ya [mysqld] ndo unayoitaka, ipandishe iwe 64M hivi, uristati seva, alafu hakikisha kwa

SHOW VARIABLES LIKE 'max_allowed_packet';

Hii SHOW VARIABLES naipenda kuliko kitu chochote, kwa sababu faili linakwambia ulichoandika ila hii inakwambia seva imesoma nini. Jaribu na 'port' na 'datadir'. Ikikupa majibu tofauti na faili ulilolishika mkononi, basi umeshika faili sio, na hapo ndo mwisho wa ubishi. XAMPP huwa inawasha seva kwa --defaults-file ikielekeza my.ini yake moja tu, ila MySQL iliyoinstoliwa kivyake inapita sehemu kadhaa, folda ya Windows, C:\, folda yake yenyewe, na kinachosomwa baadae kinafuta cha mwanzo. Ukitaka orodha yake andika mysqld --verbose --help, juu juu pale itakutajia mafaili na mpangilio wake. Na faili kubwa la .sql usilipitishe phpMyAdmin, huko utakutana na upload_max_filesize na post_max_size za php.ini uanze safari nyingine. Tumia cmd:

mysql -u root -p duka < duka.sql

Cmd, sio PowerShell, PowerShell itakukatalia hiyo alama ya <.

Tuje kwenye umeme sasa. Wanaotumia desktopu bila UPS wanajua, umeme umekatika katikati ya kazi, ukirudi MySQL haiwaki, na logi inasema "Aria recovery failed" au inataja InnoDB na neno corruption (Aria na InnoDB ni injini mbili za kuhifadhia majedwali). Hapa ndo naomba watu watulie, wallahi tulia, maana hapa ndo data inapofia, na sio umeme ulioiua, ni sisi. Kitu cha kwanza kabisa: kopi folda nzima ya C:\xampp\mysql\data uipeleke pembeni, kwenye flashi au disk nyingine, kabla hujafuta hata faili moja.

Kama ni Aria, logi yenyewe inakuelekeza, unaondoa mafaili ya aria_log yaliyoko ndani ya data alafu unatengeneza majedwali ya Aria kwa aria_chk -r. Mara nyingi inawaka. Kama ni InnoDB, weka innodb_force_recovery=1 chini ya [mysqld], washa, ikiwaka toa databesi zako kwa mysqldump haraka, alafu ondoa ile laini. Inaenda mpaka 6 ila kuanzia 4 kupanda inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo usirukie 6 eti ndo yenye nguvu.

Alafu kuna ule ujanja wa YouTube, badilisha jina la data iwe data_old, kopi folda ya backup iitwe data, rudisha folda za databesi zako. Unafanya kazi, sikatai, ila wanaoufupisha kwenye video za dakika moja hawasemi kwamba lazima urudishe na ibdata1 kutoka data_old. Lile faili ndo linajua majedwali yako ya InnoDB ni yapi. Usipolirudisha, au ukilifuta kwa sababu mtu kasema lifute, unafungua phpMyAdmin unaona majina ya majedwali yote yapo, unashangilia, unabonyeza moja: 1932, "doesn't exist in engine". Kuna mtu alikuja kwangu na matokeo ya shule nzima yakiwa kwenye hali hiyo, na bahati yake ni kwamba alikuwa hajaimwaga Recycle Bin.

Na wale mnaoweka skip-grant-tables mkisahau paswadi, sawa, weka, badilisha paswadi, alafu UITOE. Naona sana my.ini za watu ile laini bado ipo, seva inamkubali kila mtu na paswadi yoyote, ndo maana "inafanya kazi" kwake na ikienda kwa mteja inakataa.

Kwa watu wa Linux, mambo mawili tu. Moja, localhost na 127.0.0.1 sio kitu kimoja. Ukiandika localhost, PHP haipiti kwenye poti kabisa, inatafuta faili la soketi, na kama unatumia PHP ya Ubuntu na databesi ya XAMPP, soketi iko /opt/lampp/var/mysql/mysql.sock ambako PHP yako haiangalii. Unapata 2002 na maneno "No such file or directory" na unaanza kutafuta faili gani la projekti limepotea. Weka 127.0.0.1 uendelee na maisha. Mbili, mkikwama ruhusa mnapiga chmod 777 kila kitu. my.cnf ukiipa 777, seva inaona kila mtu anaweza kuiandika, inaipuuza yote, inatoa onyo moja tu kwamba ni "World-writable" na inaendelea na mipangilio yake ya mwanzo. Unabadilisha unabadilisha hamna kinachobadilika. Irudishe 644.

Watu wa Docker mmeniuliza pia, yenu ni fupi: ndani ya kontena la programu, 127.0.0.1 ni hilo kontena lenyewe, sio databesi. DB_HOST weka jina la servisi mliloandika kwenye compose, kama mmeiita db basi ni db, na poti inabaki 3306 hata kama nje mmeifungulia 3307.